Usingoje shida ziishe ndipo ucheke na wanao

Ni Jumapili jioni. Baba ameketi mezani na barua ya karo mkononi, anapiga hesabu kwa mara ya tatu na hesabu inakataa. Mama yuko jikoni, macho kwenye sufuria lakini mawazo kwa mwenye nyumba, aliyepita asubuhi akakumbusha kwa upole wa kutisha kwamba tarehe 5 imewadia. Mara mtoto wa miaka sita anaingia mbio kutoka nje. "Baba, njoo uone! Paka wa jirani amezaa, wako wanne!" Baba hainui macho. "Ngoja kwanza," anasema. Mtoto anakimbilia jikoni. "Ngoja nimalize hapa," anajibu mama. Kufikia wakati anapomaliza, giza limeingia na mtoto amelala kwenye kiti na viatu vyake miguuni.

Msomaji, huenda nyumba hiyo ni yako. Ni yangu pia, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu sijaona mtaa wa jiji hili ambao hauna nyumba kama hiyo.

Neno "ngoja" ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wengi wetu tumejizoeza kuamini kwamba furaha ni mshahara unaolipwa baada ya shida kwisha. Tukimaliza karo tutacheka. Tukipata nyumba yetu tutapumzika. Mtoto akimaliza shule tutakaa kitako tuzungumze. Lakini karo ya muhula huu haijalipwa yote kabla ya ile ya muhula ujao kubisha hodi, na mtoto akimaliza shule huanza shida ya kutafuta kazi. Kwa hivyo anayengoja shida ziishe hungoja maisha yake yote. Katika kungoja huko, si moyo tu unaoumia. Mwili pia hulipa.

Mwili haujui karo

Mwili wa binadamu una mtambo wa kumwokoa kutokana na hatari. Ukikanyaga karibu na nyoka, ubongo hupeleka habari kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hudunda kwa kasi, presha hupanda, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula maana huo si wakati wake. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine iitwayo kotisoli, ambayo husaidia sukari iendelee kupatikana. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon ndiye aliyeueleza mtambo huu mapema katika karne ya 20, akasema kazi yake ni kumtayarisha mnyama apigane au akimbie.

Nyoka akienda zake, mtambo hupoa. Taabu ni kwamba ubongo hautumii mtambo tofauti kwa ajili ya mwenye nyumba. Ni ule ule. Nayo kodi haipigiki kwa rungu, haikimbiliki, wala haiondoki baada ya dakika kumi. Mtu hulala nayo na kuamka nayo. Kwa kawaida kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka kadiri jioni inavyoingia, na kushuka huko ni sehemu ya maandalizi ya usingizi. Mwenye mawazo hupanda kitandani mtambo ukiwa bado unanguruma, na hapo ndipo anapohesabu paa usiku kucha.

Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, madhara yake huonekana hata kwenye ngozi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri na mapato kama yao wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo cha milimita 3.5 kwenye mkono. Wale wasio na mgonjwa nyumbani walipona kwa wastani wa siku 39 hivi. Walezi walichukua kama siku tisa zaidi. Kidonda kilikuwa kimoja na dawa moja, ila mwili mmoja ulikuwa umechoka.

Mchanga ndani ya kiatu

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba linalomdhuru mtu ni matukio makubwa. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitunga orodha ya matukio 43 wakaipa kila tukio alama. Kufiwa na mke au mume kulipewa alama 100. Ndoa yenyewe, tunayoipigia vigelegele, ilipewa 50, kwani hata jambo la heri humtikisa mtu.

Profesa Richard Lazarus wa Chuo Kikuu cha California na wenzake hawakuridhika. Waliuliza hivi: mbona watu wengi huzidiwa hata katika mwaka ambao hawakufiwa wala kufutwa kazi? Mwaka 1981 walichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watu wa makamo 100 kwa miezi kumi. Kila mwezi watu hao walijaza orodha mbili. Moja ilikuwa ya kero ndogo ndogo za kila siku, kama vile kupoteza vitu, bei za bidhaa kupanda na kazi za nyumbani zisizokwisha. Nyingine ilikuwa ya raha ndogo ndogo, kama kulala vizuri au kuelewana na mwenzako. Ilibainika kwamba kero hizo ndogo zilitabiri dalili za kusumbuka kwa akili kuliko yale matukio makubwa.

Anayeishi Nairobi, Mombasa au Kisumu hahitaji profesa kumwambia hayo. Ni mtungi wa maji uliopanda bei, kuponi ya stima iliyoisha wali ukiwa nusu, matatu iliyoongeza nauli kwa sababu kumenyesha, na ujumbe wa simu kutoka shuleni kwamba kesho kila mtoto aje na rimu ya karatasi. Hakuna hata moja linalostahili kulilia. Yote pamoja ni kama mchanga ndani ya kiatu: si jiwe, lakini jaribu kutembea nao kutoka Umoja hadi mjini.

Raha hii ni ya nani?

Sasa nifike palipo na utamu wa jambo lenyewe, ambapo washauri wengi hupita haraka. Katika utafiti huo wa Lazarus ungetarajia kwamba raha ndogo zingefuta kero ndogo, kama vile pesa zinavyolipa deni. Haikuwa hivyo. Tena kwa wanawake lilionekana jambo la kushangaza: waliotaja raha nyingi zaidi ndio waliokuwa pia na dalili nyingi zaidi. Kwa wanaume haikuwa hivyo.

Utafiti mmoja hautoshi kuamua kesi. Lakini mimi nikitazama nyumba zetu, jambo hilo halinishangazi hata kidogo. Chukua chapati za Jumapili. Ni raha ya nyumba nzima. Watoto hushangilia, baba hutabasamu, jirani hupita "kusalimu" wakati ule ule unga unapokolea moto. Lakini nani alikanda? Nani alisimama mbele ya jiko saa mbili mgongo ukimuuma, akala chapati ya mwisho iliyopoa, kisha akaosha vyombo? Wageni wakija Krismasi ni furaha, na kwa mtu mmoja ni siku tatu za kupika. Hata safari ya kwenda kutembea Uhuru Park ina mtu aliyeamka alfajiri kufunga chakula, kutafuta sweta na kukumbuka dawa ya kifua ya mtoto.

Kwa hivyo familia inayotaka kupunguza mzigo wa mawazo isianze kwa kuongeza shughuli. Ianze kwa kuuliza ni nani anayebeba gharama ya furaha iliyopo. Baba akikanda unga, hata chapati zikitoka na umbo la ramani ya Afrika, raha ile ile hugeuka kuwa ya wawili. Kijana wa miaka 12 anaweza kuosha vyombo pasipo kuitwa mara nne. Na mama apewe raha ambayo hakuna anayemtegemea ndani yake: nusu saa ya kuketi nje na mwenzake wakisukana nywele, au kuoga bila mtu kugonga mlango.

Vicheko kando ya kitanda cha mgonjwa

Kuna watakaosema: hayo ni ya watu wenye shida ndogo. Mimi nina mgonjwa nyumbani, nicheke vipi?

Jibu bora ninalolijua lilitoka San Francisco miaka ya 1990. Mtaalamu Susan Folkman na wenzake waliwafuatilia wanaume waliokuwa wakiwauguza wenzao waliokuwa na Ukimwi, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Mahojiano yaliuliza juu ya taabu tu. Muda si muda wauguzi hao wakalalamika: mbona hamtuulizi kuhusu mambo mema? Watafiti wakaongeza swali hilo. Karibu katika kila mahojiano mtu alipata la kutaja: chakula kizuri walichokula pamoja, maua, neno la shukrani kutoka kwa mgonjwa. Huzuni yao ilikuwa kubwa na haikutoweka, lakini furaha ilipata pa kuketi kando yake.

Humu nchini, ambako Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, maelfu ya nyumba zilipitia hali hiyo hiyo, na waliouguza watakumbuka kwamba kulikuwa na vicheko hata katika vyumba vile. Aliyecheka hakuwa amemkosea heshima mgonjwa. Alikuwa akivuta pumzi ili aweze kuendelea kumgeuza, kumwosha na kumlisha.

Mtambo wa hatari tuliouzungumzia hauhitaji shida iishe ndipo upoe. Unahitaji vituo vya kupumzika njiani. Dakika kumi za kutazama watoto wa paka ni kituo.

Mpe wasiwasi saa yake

Lakini mawazo hayafukuzwi kwa kuambiwa yaondoke. Ukimwambia mtu "usiwe na wasiwasi" umemwongezea kazi moja, ya kujificha. Njia iliyo bora ni kuupa wasiwasi mahali pake na saa yake.

Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walieleza njia hiyo. Mtu huchagua nusu saa kila siku, wakati ule ule na mahali pale pale, ya kufikiria yanayomsumbua. Wazo likimjia saa nyingine, hulitambua, huliahirisha hadi saa yake, kisha hurudi kwenye alichokuwa akifanya. Waliofuata utaratibu huo walipunguza muda waliotumia wakiwa na wasiwasi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, tafuta daftari la kawaida. Mke na mume, au mzazi na ndugu yake mkubwa, huketi baada ya chakula lakini si karibu na saa ya kulala, na kamwe si kitandani. Andikeni yote. Kisha kwa kila jambo jiulizeni: kuna hatua tunayoweza kuchukua kesho? Kama ipo, iandikeni kwa saa na jina. "Saa nne asubuhi baba atampigia mwenye nyumba amwombe apokee nusu sasa na nusu tarehe 15." "Mama atapita kwa mhasibu wa shule aulize kama karo inaweza kulipwa kwa awamu, achukue na fomu ya basari." Mwenye nyumba aliyepigiwa simu kabla ya tarehe huwa mtu tofauti kabisa na yule aliyetafutwa baada yake. Nalo jambo lisilo na hatua yoyote, kama vile kama mvua itanyesha shambani kwa nyanya, linaandikwa pia, kisha daftari linafungwa.

Kuandika kuna faida nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliripoti kwamba vijana waliotumia dakika tano kabla ya kulala kuandika shughuli zilizokuwa zikiwangoja walipata usingizi upesi kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Tofauti ilikuwa kama dakika tisa. Si nyingi, lakini kalamu haina madhara kama vidonge vya usingizi.

Wasomaji wanaoishi katika chumba kimoja wataniuliza kikao hicho kitafanyika wapi, watoto wakiwa wanasikia kila neno. Ni swali la haki. Kifanyieni ngazini, au juu ya paa mnakoanika nguo, au mkitembea pamoja hadi dukani na kurudi. Mwendo wenyewe hutuliza mwili.

Watoto wanajua

Msidanganyike kwamba watoto hawajui. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajajua kusoma kitabu, naye asipoambiwa chochote hutunga sababu yake mwenyewe, aghalabu kwamba yeye ndiye aliyekosa. Mwambieni kidogo, kwa maneno mepesi: "Mwezi huu pesa ni kidogo, kwa hivyo hatutanunua viatu vipya. Mimi na mama yako tunashughulikia. Wewe hujakosea chochote." Msimfanye mtoto wa kwanza kuwa mshauri wenu wa fedha, maana huo ni mzigo usiolingana na mabega yake.

Mtoto akija na habari ya paka, nendeni. Ikiwa kweli haiwezekani, mpeni saa inayojulikana: "Nimalize kuandika mistari hii miwili, kisha unishike mkono tukaone." Na mtimize.

Raha zinazoleta deni

Kuna mambo yanayojifanya raha ndogo. Pombe humlegeza mtu mapema jioni, kisha humkatizia usingizi usiku wa manane na kumwachia asubuhi mbaya kuliko jana. Kamari ya simu ni mbaya zaidi kwa familia, kwani huchukua ile ile pesa iliyokuwa chanzo cha mawazo. Kutazama simu kwa saa tatu si dhambi, lakini jiulize ukiiweka chini kama umepumzika au umechoka zaidi. Kipimo changu ni hiki: raha ya kweli haikufanyi umfiche mwenzako chochote kesho yake.

Nisieleweke vibaya. Hakuna kicheko kinacholipa kodi. Mshahara ukiwa hautoshi, hautoshi, na si halali kumwambia mtu mwenye njaa ahesabu baraka zake. Ninachosema ni kwamba anayepigana vita virefu lazima ale na alale, la sivyo atashindwa na adui aliye mdogo kuliko yeye.

Zinapokosa ladha

Kuna hali ambayo daftari na chapati haziwezi kuitibu. Ishara moja kubwa ni pale raha ndogo zinapokosa ladha kabisa. Aliyekuwa akipenda mpira hautazami tena, na aliyekuwa akiimba jikoni amenyamaza. Hali hiyo, au huzuni isiyoondoka, ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, tena kukiwa na kukosa usingizi au hamu ya chakula, kulia bila sababu au kujiona hufai, huenda ni ugonjwa wa sonona. Kwa wanaume mara nyingi hujificha ndani ya hasira na chupa. Wengine huenda hospitalini mara kwa mara kwa kichwa, mgongo au tumbo, na vipimo havionyeshi kitu.

Ugonjwa huu una matibabu, ya mazungumzo na mtaalamu na ya dawa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na usitaje kichwa peke yake. Taja na mawazo. Wanaohitaji mtaalamu hutumwa kwenye hospitali kubwa, na Nairobi kuna Hospitali ya Mathari, ambayo si mahali pa kuchekwa kama tulivyozoea kuifanya. Mwenye mawazo ya kujitoa uhai asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Wengi waliogopa kusema kwa kuwa sheria iliona jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Unapokwenda kwa daktari, andika tangu lini hali ilianza na dawa unazotumia. Ikiwezekana nenda na mtu mnayelala nyumba moja, kwa maana yeye ndiye anayejua hasa ni saa ngapi za usiku huwa umekaa gizani, macho wazi.